Somo, mwanangu ana aleji ya maziwa na njugu, nimtengenezee vipi chokoleti ya nazi?

SWALI

Assalaam aleykum Somo, shikamoo. Nipo Chake Chake, Pemba, nina watoto watatu, jina langu naomba usiliweke mana mawifi zangu wote wanasoma hapa na hii habari inamgusa mama yao.

Mwanangu mdogo ana miaka 6, ana aleji ya maziwa ya ng'ombe na ya njugu. Sio kubahatisha, kapimwa, daktari kasema na cheti ninacho. Mwaka jana alipewa kashata kwenye maulidi, ya nazi sio ya njugu, nikaona hio haina neno, haukupita muda midomo imevimba, macho yamefunga, anakohoa hapumziki, tukamkimbiza hospitali usiku ule ule na alhamdulillahi akapona. Toka siku hio kitu kitamu cha nje simpi.

Sasa mtoto ni mtoto. Skuli wenzake wanakula zile chokoleti za dukani zenye nazi ndani, akirudi analia na yeye anataka. Nikaona bora nimtengenezee mwenyewe, nazi si tunazo bwana. Nikayeyusha mafuta ya nazi nikatia kakao na asali, mana nimesikia asali ndo ina afya kuliko sukari, kwa ndani nikachanganya nazi niliyoikuna na tende nilizozitwanga kwenye kinu cha mkwe wangu, nikatia na unga wa tui wa paketi ili ishikane, nikafinyanga vidonge, nikavichovya kwenye ile chokoleti nikatia frijini. Asubuhi kuvitoa vimependeza mashaallah. Lakini asali yote ilishuka chini ya bakuli ikakaa peke yake, chokoleti ya juu chungu. Mchana umeme ukakatika, hata alasiri haijaadhiniwa vidonge vyote vinaogelea kwenye mafuta meusi. Vilivobaki baada ya siku mbili vikafanya utelezi na harufu ya kuchacha nikavimwaga.

Na kilichonitisha zaidi, mtoto kala viwili tu akatoka mabaka mdomoni na shingoni, anajikuna, nikampa dawa aliyoandikiwa na daktari ikatulia. Maziwa sikutia, njugu sikutia, yametoka wapi? Au nazi nayo ishakuwa aleji? Mana nimesoma mahali kuwa nazi, korosho na lozi ni jamii moja.

Mkwe wangu anasema namdekeza, ati zamani mambo haya hayakuwepo, apewe kidogo kidogo atazoea, na kama tatizo ni maziwa ya ng'ombe basi apewe ya mbuzi. Na yeye mwenyewe ana sukari lakini nikitengeneza kitu lazima aje aonje, anasema cha tende hakimdhuru. Sikukuu inakaribia, watoto watapita nyumba kwa nyumba wanapewa vitu, wangu nimfungie ndani? Nataka kitu cha nazi na kakao kisichomdhuru, kisiwe sukari tupu, na kisiyeyuke. Nisaidie Somo.

Mama wa Chake

JIBU

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nikairudia. Chokoleti kuyeyuka tutaizungumza na utaipata, lakini hayo mabaka hayangoji kwa hio tuanze nayo.

Unasema maziwa hukutia. Ile paketi ya unga wa tui kama hujaitupa kaichukue uisome kwa nyuma, kwenye herufi ndogo. Unga wa tui mwingi wa madukani una kitu kinaitwa sodium caseinate, na hio casein ni protini ya maziwa, wanaitia ili yale mafuta ya nazi yakubali kukaushwa yawe unga na ukitia maji yachanganyike. Mbele ya paketi kuna picha ya mnazi na nazi iliyopasuliwa, wala hakuna ng'ombe, na nyuma maziwa yamo. Zile krima za chai za unga ni hivo hivo, hata zilizoandikwa kuwa si maziwa nyingi zina casein. Kwa hio kwenye lebo usitafute milk peke yake, tafuta na whey, casein, caseinate, butter, milk solids, na kwa njugu tafuta peanut na groundnut. Na vile vitu vinavoingia kutoka Dubai na Oman vimeandikwa kiarabu kitupu, herufi si tulifundishwa chuoni sote, halib ni maziwa na ful sudani ni njugu, ukiona moja ya hayo rudisha kwenye shelfu.

Cha pili ninachokishuku ni kinu. Kinu cha mbao kilichotwangiwa njugu miaka na miaka kimeshakunywa mafuta yake, na zile nyufa za ndani zina chembe ambazo hata ukisugua hazitoki zote, sasa wewe ukatwanga humo tende ambayo inanata, imezikokota zote. Na ile kashata ya maulidi naamini ilikuwa habari hio hio, mana anaepika kashata za biashara au za shughuli mara nyingi anapika za njugu, anapangusa sufuria, anapika za nazi, mwiko ule ule, sinia ile ile, kisu kile kile. Na usidhani moto unasaidia, njugu ikikaangwa au ikichemshwa aleji yake ipo pale pale. Kama ni paketi au ni kinu mie nikiwa huku Unguja siwezi kukwambia, na wewe nakuomba sana usimjaribishie kimoja kimoja ili ujue. Viondoe vyote viwili. Na hata kama mabaka yalitulia, mwambie daktari wake kuwa ametoka na alikuwa kala nini, na muulize akupangie kabisa siku ikitokea kubwa ufanye nini, mana mtoto huyu alishavimba midomo akakohoa, hio sio aleji ya kuchezea. Akianza kuvimba ulimi au midomo, kupumua kwa shida, sauti kubadilika, kutapika pamoja na mabaka, au kulegea, ni hospitali hapo hapo, sindano ya adrenalini ndo dawa ya hali hio, usikae ukangoja vidonge vya kuwashwa vifanye kazi na usikae ukampa asali wala maziwa ya aina yoyote.

Habari ya nazi. Nazi ni tunda la mnazi, na mnazi uko kwenye jamii moja na mtende, kwa hio ndugu wa nazi ni tende. Korosho ndugu yake ni embe. Njugu ni jamii ya kunde na maharage. Uliposoma kuwa ni jamii moja pengine ni kwa sababu Marekani ile mamlaka yao ya chakula, FDA, kwa miaka mingi waliiweka nazi kwenye orodha moja na korosho na lozi, mpaka Januari 2025 ndo wakaitoa. Wapo watu wenye aleji ya nazi yenyewe, wapo, lakini ni wachache, na mwanao kama anakula wali wa nazi na mchuzi wa nazi wiki nzima na hapati kitu basi nazi siishuku sana. Thibitisha kwa daktari tu. Na muulize na korosho na lozi, mana mapishi mengi ya mitandaoni yanayosema hayana maziwa yanatia siagi ya lozi au korosho zilizosagwa badala yake, kwako wewe hayo ni kukimbia shimo na kuingia kisimani.

Kwa hio kabla ya kakao wala tende, nunua vyombo vya mtoto. Sufuria ndogo, mwiko usiwe wa mbao, kisu, ubao wa plastiki wa kukatia na sinia moja ndogo, vitie alama hata ya rangi ya kucha, vikae kabati lao, na kila mtu ndani ya nyumba ajue havipikiwi njugu wala havitiwi samli, mana samli nayo ni maziwa na majarini nyingi zina maziwa ndani. Mbuzi ya kukunia nazi kama inakuna nazi tu haina neno, ioshe vizuri meno yake. Kuosha ni maji ya moto na sabuni, kupangusa na kitambaa hakutoshi, na kitambaa chenyewe kisiwe kile kilichopangusia maziwa ya chai.

Sasa tuje kwenye chokoleti yako. Mafuta ya nazi yanaganda joto likiwa chini ya digrii 24 au 25 hivi, na mchana wa Pemba uko juu ya hapo karibu mwaka mzima, ndo mana hata chupa ya mafuta ya nazi kabatini kwetu ni maji. Umechovya vidonge kwenye kitu ambacho kwa hali yetu hakigandi, na umeme ulipokatika kikarudi kuwa mafuta, hukukosea kupika, ni mapishi ya nchi za baridi hayo. Asali kushuka chini ni kwa sababu ina maji na mafuta hayataki maji, hata ukoroge kutwa. Na kuchacha ni ile nazi mbichi, ina maji mengi ndani yake, ukiifinyanga bila kuikausha inaharibika haraka, frijini au nje.

Chokoleti halisi ya dukani inastahamili zaidi mana siagi ya kakao inayeyuka kwenye digrii 34 hivi, lakini mtoto wako sitaki ale hata ile nyeusi inayosemwa haina maziwa. Mwaka 2015 hao hao FDA walipima chokoleti nyeusi 94, kati ya hizo 88 hazikuandikwa kuwa zina maziwa, zilipopimwa 51 zikakutwa na maziwa, mana kiwandani mashine inayopitisha chokoleti ya maziwa ndo hio hio inayopitisha nyeusi. Ni yale yale ya sufuria ya kashata. Iache chokoleti ya kipande, chukua kakao ya unga, ile tupu, chungu, ambayo lebo yake kwenye viungo imeandikwa kakao basi na haina onyo la maziwa wala njugu. Sio chokoleti ya kunywa, ile ishatiwa sukari na mara nyingi maziwa ya unga, na zile za kopo zenye kimea nazo zina maziwa. Kakao tunayo hata Tanzania hii hii, inalimwa sana Kyela kule Mbeya.

Na hio kakao usiiweke juu ya nazi, itie ndani. Wewe umezaliwa Pemba, kashata unaijua, basi fanya kashata ya kakao, haina cha kuyeyuka mana hakuna ganda la mafuta juu yake. Nitakupa aina mbili, ya tende ya kula nyumbani na ya sukari kidogo ya sikukuu.

Ya tende, kuna nazi upate vikombe 2, acha ile nyama ya karibu na kifuu ya kahawia mana inatia rangi na inakwaruza. Nazi mbichi nakupendelea kuliko ile kavu ya paketi, ya paketi nyingi zinatiwa salfaiti ili isibadilike rangi na watoto wengine wenye pumu inawasumbua. Itie kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo mdogo, geuza geuza bila kuondoka mpaka uishike mkononi uone haikulowanishi vidole na inachururika, isigeuke rangi, ikianza tu kuwa manjano kwenye kingo epua, ni kama dakika 10. Hapo ndo umeiondolea ule utelezi. Ikae pembeni ipoe. Tende gramu 150 toa kokwa, roweka kwenye maji ya moto dakika 10, chuja maji yote, ziponde kwa uma mpaka ziwe laini, zitie kwenye ile sufuria na vijiko 4 vya tui zito, la kukamua mwenyewe, la kwanza kabisa. Koroga kwa moto mdogo mpaka izibane, ukipitisha mwiko chini uuone mstari wa sufuria unabaki wazi kidogo kabla haijarudi kuufunika. Epua. Chekecha juu yake kakao vijiko 4 vya chakula vilivojaa, chumvi kidole kimoja, hiliki iliyosagwa robo kijiko cha chai, changanya, ndo umimine nazi, changanya tena kwa nguvu mpaka pasiwe na weupe. Ikiwa bado inanata sana mkononi ongeza nazi, ikiwa inamong'onyoka ongeza tui kijiko kimoja. Igandamize kwenye sinia uliyoipaka mafuta ya nazi, unene wa kidole, ikate vipande vya mshazari kama kashata yoyote, halafu frijini masaa 2. Chumvi usiiache, kakao bila chumvi inabaki na uchungu mtupu na mtoto ataikataa. Frijini inakaa siku 4 au 5, nje ya friji iishe siku hio hio.

Ya sikukuu inataka sukari, hapa sikufichi, mana kinachoifanya kashata ikae ngumu juani ni sukari ile ile ikishaganda, ukiipunguza kupita kiasi haishiki. Lakini haihitaji kuwa sawa kwa sawa na nazi kama wengi wanavopika. Nazi vikombe 2 iliyokaushwa vile vile, sukari robo tatu ya kikombe, maji robo kikombe, kakao vijiko 3. Kakao ichanganye na sukari ikiwa kavu kabla ya kutia maji, la sivyo itafanya madonge. Chemsha mpaka ukichukua tone ukalipoza ukalivuta baina ya vidole viwili linavuta uzi, tia nazi na hiliki, geuza haraka haraka mpaka inaachia sufuria, mimina kwenye sinia na ukate ikiwa bado ya moto, ikipoa inavunjika vunjika. Vanila ya Unguja ukiipata tia, nusu ya ganda, inasaidia mtoto asione sukari imepungua. Hii imekauka, inastahamili mfukoni mwa kanzu mpaka jioni.

Asali niseme kidogo. Shirika la afya duniani, WHO, mwongozo wao wa 2015 unasema sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayopata kwenye chakula kwa siku, na asali wanaihesabu humo humo pamoja na sukari nyeupe. Kwa hio kutoa sukari ukatia asali kwa afya ya meno na uzito hujafanya mengi, na mtoto chini ya mwaka 1 asali hapewi kabisa. Tende ikiliwa nzima nzima ina nyuzinyuzi na haihesabiwi kama sukari ya kuongezwa, ndo mana nimekupa tende, lakini tamu ni tamu, vipande 2 kwa siku vinamtosha na apige mswaki mana tende inanata kwenye meno.

Na hapa namuingiza mkwe wako. Tende inapandisha sukari kwenye damu, kwa mwenye kisukari cha tende nacho kina neno, akitaka apate kipande kimoja kidogo baada ya chakula na apime aone, sio ale sahani kwa kuwa hakikutiwa sukari ya dukani. Na nazi pamoja na baraka zake zote mafuta yake mengi ni yale yanayopandisha kolesteroli, kwa hio hata sisi wazima tusijifungulie.

Hayo maneno yake ya kidogo kidogo atazoea usibishane nae jikoni mwanangu, hutashinda na mtatoleana maneno. Siku ya kliniki ya mtoto mchukue mfuatane. Mwambie mama naomba twende wote unisaidie kusikiliza. Akae mbele ya daktari aulize mwenyewe. Ataambiwa kuwa ni kweli kuna matibabu ya kumzoesha mtoto kwa vipimo vidogo sana lakini yanafanywa chini ya daktari na dawa ya dharura ikiwa pembeni, sio kwa kijiko cha chai nyumbani. Na maziwa ya mbuzi ataambiwa protini zake zimefanana sana na za ng'ombe, watoto wengi wenye aleji ya ng'ombe wanadhurika na ya mbuzi vile vile. Akilisikia kwa daktari halitakuwa neno la mke wa mwanawe. Mie nimeona mabibi waliokuwa wakali kabisa, wakishaelewa ndo wanakuwa walinzi, jirani hathubutu kumpa mtoto hata kipande cha biskuti. Na huyo mkwe wako alimkimbilia mtoto usiku wa hospitali, au sivyo? Hataki kumuua mjukuu wake, hajui tu.

Sikukuu usimfungie ndani, haki yake kutembea na kuvaa nguo mpya. Pika ya sukari sinia kubwa, watoto wote wanaopita kwako wapewe hio hio, asione yake ni ya ugonjwa. Nyumba anazopita zilizo karibu wapelekee mapema kifurushi chenye jina lake, akija apewe hicho. Mfundishe kusema "asante, nitakula nyumbani" na umuwekee sharti la kubadilisha, kila kitu alichopewa akikuletea kizima unampa kashata ya kakao na shilingi juu. Miaka 6 anaelewa, usimdharau. Dada yake au kaka yake atakaefuatana nae awe na ile dawa aliyoandikiwa na daktari mfukoni na awe anajua dalili, sio aje kuuliza nyumbani kwanza. Chuoni na skuli mpe mwalimu kopo la kashata zake likae kwake, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino aleji zake, dalili, namba yako na ya baba yake.